Nani Atalipa Karo ya Uzamili?



Mama mmoja wa Kisauni ameniletea suala ambalo, kwa dhana yangu, limo katika nyumba nyingi za mwambao huu. Binti yake amehitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Embu na angependa kubaki huko huko asome uzamili wa kilimo. Katika maombi ametakiwa aeleze karo italipwa na nani na kwa njia gani. Familia ikakaa kitako. Mmoja akasema liandikwe jina la ami yake aliyeko Muscat, kwani kila akipigiwa simu husema "msiwe na wasiwasi." Mwengine akapendekeza jamaa wachange pesa, zikae katika akaunti ya binti mwezi mmoja, taarifa ya benki ichapishwe, kisha kila mtu arudishiwe chake. Mama anauliza: je, lina makosa?

Lina makosa, tena si madogo. Hila hii ya mwezi mmoja nadhani imetoka kwa wanaoomba viza ya masomo ya Uingereza, ambako pesa hutakiwa zikae benki siku 28 mfululizo. Popote itumikapo, hukumu yake ni moja. Taarifa ya benki ni ushahidi, na chuo huipokea kama ushahidi. Pesa zile binti hakupewa wala hakukopeshwa; amezishikilia tu ili zionekane. Lau jamaa wangemkopesha kwa kweli, qardhi hasana isiyo na ziada, wakaandikiana kiasi na muda wa kulipa, jambo lingekuwa halali na maombi yake yangekuwa ya kweli. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Anayeona haya kumwandikisha nduguye na airejee.

Ama ami wa Muscat, maneno yake ni ukarimu, lakini si dhamana. Dhamana yataka ridhaa ya mdhamini, na ajue anadhamini nini. Apigiwe simu, aulizwe bila ya kuzungushwa: ni muhula mmoja, mwaka mmoja, au mpaka mwisho? Akisema mwaka mmoja, binti aandike mwaka mmoja, na amwombe ami barua fupi yenye saini.

Wazee wengi hudhani kuwa serikali iliyochangia shahada ya kwanza itachangia na ya pili. Sivyo. Mwanafunzi wa uzamili huhesabiwa kuwa anajilipia, ila akipata mfadhili. Bodi ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, ina mkopo wa uzamili, lakini mkopo huo una riba, nami namnasihi binti abishe milango mingine kwanza. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa tangu 1983 na mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni miongoni mwao. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mwanafunzi huzipokea kama qardhi hasana, akishaajiriwa huzirejesha, na marejesho hayo yakasomesha wengine katika jamii yake. Masharti na fani zake zisomwe mapema. Shirika la Kijerumani la DAAD nalo hufadhili uzamili katika baadhi ya vyuo vya Afrika Mashariki. Lakini kuomba si kupata. Ufadhili ambao jibu lake halijaja uandikwe kuwa umeombwa, na kando yake ielezwe njia ya pili iwapo jibu litakuwa hapana.

Pia binti azungumze na wahadhiri wake. Chuo cha Embu kimesimama mahali palipokuwa na mafunzo ya kilimo tangu 1947, na mhadhiri mwenye mradi wa utafiti huenda akahitaji msaidizi wa kulipwa. Hilo nalo ni pato, likithibitishwa kwa maandishi.

Katika hesabu, familia nyingi huona karo ya masomo ya darasani tu. Mwaka wa pili ndio unaovunja watu: kibali cha utafiti cha NACOSTI, safari za shambani, vipimo vya maabara, uchapishaji wa tasnifu, na kodi ya chumba ambayo haisubiri. Nimewaona mabinti waliorudi nyumbani na nusu ya uzamili na deni zima.

Hapa tunaweza kujifunza kwa wenyeji wa Embu na Meru. Mzazi mwenye majani chai anajua kuwa bonasi huja Oktoba, na karo huipanga kwa mwezi huo. Wapo wanaosomesha kwa miraa na muguka, na msimamo wetu juu ya muguka unajulikana. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliipiga marufuku. Lakini mkulima yule anakwambia pesa zatoka shamba lipi na mwezi gani. Katika uwazi huo ametushinda sisi tunaoandika "familia itasaidia."

Mama huyu ameniambia pia, kwa sauti ya chini, kuwa yuko tayari kuuza bangili zake. Dhahabu ni mali yake. Si mume wala shemeji mwenye kauli juu yake. Ila aamue kabla ya kwenda kwa sonara: anampa binti zawadi, au anamkopesha? Ikiwa ni zawadi, akumbuke kuwa ana watoto wengine watatu, nao wana haki ya uadilifu katika anachowapa. Ikiwa ni mkopo, uandikwe na mashahidi waweke saini, ijapokuwa ni mama na mwanawe. Na kiasi kitakachoandikwa katika maombi kiwe ni kile alichokitaja sonara baada ya kuzipima, si bei zilizonunuliwa siku ya harusi.

Wabillahi tawfiq.