Deni la Mitaro: Ni Nani Aliyeisoma Hati?

 

Kila masika yanapokaribia, mabaraza yetu yote huwa na mazungumzo mamoja: kwamba mji wahitaji mitaro mikubwa zaidi ya maji ya mvua na mabomba mapya ya maji machafu, na kwamba fedha za kazi hiyo hazipatikani ila kwa mkopo wa nje. Katika hilo la kwanza hapana mwenye kubisha. Aliyewahi kukaa Sebleni au Mwanakwerekwe ajua maana ya kulala juu ya kitanda kilichonyanyuliwa kwa matofali. Na mwenye duka bondeni ajua khabari ya magunia ya sukari yaliyopangwa jioni yakiwa makavu, asubuhi la juu limesalimika na la chini limekuwa uji. Ninalotaka kulileta mbele yenu ni hilo la pili, yaani fedha, pamoja na jambo jengine lifuatanalo nalo ambalo barazani halitajwi kabisa, nalo ni hati ya kupima athari za kazi hizo katika mazingira yetu.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu twaijua Aya ya Deni katika Suratul-Baqara, na twajua kuwa ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Msahafu. Wengi hukumbuka kwamba yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wahudhurie. Wachache huikumbuka sehemu ifuatayo, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo nzito zaidi kwa watu wa siasa: anayemsomea mwandishi maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa, wala si mwenye kudai. Akiwa mdaiwa ni mnyonge asiyeweza, basi msimamizi wake hufanya hivyo kwa uadilifu. Maana yake ni kwamba haisihi kumbebesha mtu deni kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwake, sembuse maneno asiyoyafahamu.

Na tuzitazame sasa hati za mitaro yetu. Mwaka 2011 Benki ya Dunia, kwa kupitia mfuko wake wa IDA, iliidhinisha mkopo wa dola milioni 38 kwa mradi wa huduma za mji wa Zanzibar, ambao wengi wetu twaujua kwa herufi zake tu, ZUSP. Baadaye ukaongezwa mkopo wa pili wa dola milioni 55. Katika fedha hizo mlijengwa mitaro mikubwa ya maji ya mvua na ukuta wa bahari wa Mizingani. Mwaka 2021 ukaja mradi mwengine wenye mkopo wa dola milioni 150, uitwao BIG-Z. Aliyetia saini mbele ya Benki ni Jamhuri ya Muungano, kwani ndiyo mwanachama wa Benki. Visiwa hupokea kwa kupitia mkono huo. Mikopo ya mfuko huo ni nafuu kweli: muda wake wa kulipa huhisabiwa kwa makumi ya miaka, na miaka ya mwanzo mkopaji halipi asili ya deni. Aidha, mpinzani mwenye insafu hawezi kukana kwamba ziko nyumba ambazo zamani zilikuwa zikiogelea na leo zimepata nafuu.

Lakini deni nafuu nalo ni deni, na watakaolilipa wengine wao bado wamo mikononi mwa mama zao. Zaidi ya hayo, mkopo wa namna hii hujenga mtaro. Haumwajiri mtu wa kuusafisha. Sote tumeuona mtaro mpya, wenye zege safi na mfuniko wa chuma, ukiwa baada ya misimu miwili umejaa mchanga, chupa za plastiki na vifuu vya nazi, na mvua ya kwanza ikipita juu yake kana kwamba haukuwapo. Mfanyabiashara hanunui mashua kwa mali kauli bila ya kwanza kuhisabu gharama ya kalafati ya kila mwaka. Hisabu hiyo, ya nani atasafisha, kwa fedha gani na mara ngapi, ndiyo hasa ambayo mwananchi hasomewi siku ya kukata utepe.

Yako mambo mawili ambayo hati ya mazingira ya mji kama huu sharti iyajibu, na ambayo hayahitaji elimu ya uinjinia kuyafahamu.

La kwanza ni bahari. Maji ya Unguja wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Mdomo wa mtaro ukiwekwa chini ya usawa wa maji kujaa, na mvua kubwa ikaangukia saa hiyo, maji ya mjini hayana pa kutokea. Hurudi nyuma kutafuta bonde, na bonde ndiko waliko watu. Kila mvuvi wa Funguni angeweza kumwambia injinia saa zake. Na kwa kuwa usawa wa bahari unazidi kupanda duniani kote, mdomo utoshao leo huenda usitoshe siku ile tutakapokuwa bado twalipa.

La pili ni karo. Nyumba nyingi za Ng'ambo hazina bomba la maji machafu. Zina karo chini ya ardhi. Masika maji ya ardhini hupanda, karo hufurika, na wapo ambao usiku wa mvua hulifungulia likimbilie mtaroni, wakitegemea kwamba kila kitu kitachukuliwa. Basi mtaro uliojengwa kwa maji ya mvua hugeuka kuwa mtaro wa choo, ila hauna mfuniko wala hauendi penye kusafishiwa. Huku Mji Mkongwe, ambao wenyewe una mabomba tangu zamani, kwa miaka mingi umekuwa ukiyatoa maji yake machafu baharini bila ya kuyasafisha. Pale pale Forodhani watoto wetu hupiga mbizi kila jioni, na wageni hupiga picha. Mwenye kujenga mtaro mkubwa zaidi bila ya kulitatua suala la karo amefanya kazi moja tu, nayo ni kuuharakisha uchafu kufika ufukweni, na kutoka hapo kufika katika miamba ya matumbawe ambamo samaki wetu huzaliana.

Wala mtu asidhani kwamba hati hii ni karatasi ya wapenda samaki. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi katika mji huu, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1876, juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kwa kuwa alikiona hapa kwa macho yake mnamo 1869 na 1870 kikizoa watu kwa maelfu. Karibu karne moja na nusu baadaye, mwaka 2015 na 2016, ugonjwa ule ule uliingia tena Unguja na Pemba na kuwaugua zaidi ya watu 4,000. Kipindupindu husafiri zaidi kwa kinyesi kilichoingia katika maji au chakula. Kwa hivyo anayeuliza mtaro waelekea wapi anauliza khabari ya uhai.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 yataka kazi kubwa kama hizi zipimwe athari zake kabla ya kuanza, na kuna Mamlaka maalumu iliyoundwa kusimamia hilo. Benki ya Dunia nayo ina kanuni zake, zile za zamani na hizi zilizoanza kutumika Oktoba 2018, na zote zataka hati ziwekwe mahali panapofikika, katika lugha wanayoifahamu wale watakaoguswa na mradi. Haya ni maneno yao wenyewe, si yetu. Na Wamarekani wana sheria yao ya mwaka 1989: mwakilishi wao katika Benki haruhusiwi kuunga mkono mradi wenye athari kubwa ila hati yake ya mazingira iwe imekwisha kuwekwa wazi siku 120 kabla ya kura. Bwana mmoja wa Washington, ambaye hatapitiwa na mtaro mlangoni mwake, amehakikishiwa siku 120 za kusoma. Muuza pweza wa Darajani hupata nini? Mara nyingi hupata mkutano wa asubuhi moja, chai na sambusa, na hati ya Kiingereza yenye kurasa mamia imelala juu ya meza ya mwenyekiti.

Watasema baadhi ya watu kwamba kuhoji namna hii ni tabia ya nchi changa, na kwamba huko kwa wakubwa mambo hujiendea yenyewe. Basi na tusafiri mpaka wilaya ya Jefferson, katika jimbo la Alabama, Marekani, penye mji wa Birmingham. Mabomba yao ya maji machafu yalikuwa mabovu, na kila mvua ilipokuwa kubwa yalimwaga uchafu katika mto Cahaba na mito mengine. Walishtakiwa, na mwaka 1996 wilaya ikakubali mbele ya mahakama kuyatengeneza yote. Haja ilikuwa ya kweli. Na kwa sababu haja ilikuwa ya kweli, wachache walithubutu kuuliza bei. Wilaya ikakopa hata deni la mabomba likafika kiasi cha dola bilioni 3. Mnamo 2002 na 2003 wakubwa wake wakakubali kuligeuza sehemu kubwa ya deni hilo kutoka riba iliyotulia na kulitia katika riba ya kupanda na kushuka, pamoja na mikataba ya kubadilishana riba ambayo hata waliotia saini hawakuifahamu sawasawa. Ni kama muuza duka aliyechukua mchele kwa mali kauli akaacha bei ipangwe upya kila wiki na yule anayemdai.

Mwaka 2008 masoko ya fedha yalipoporomoka, riba ikaruka. Mwaka 2009 Larry Langford, aliyekuwa mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya wakati wa mikataba ile na baadaye meya wa Birmingham, alitiwa hatiani kwa rushwa, akapewa kifungo cha miaka 15. Mwaka huo huo benki ya JPMorgan ilikubali kulipa dola milioni 75 na kusamehe dola milioni 647 ilizokuwa ikidai. Novemba 2011 wilaya ikajitangaza mufilisi, na hapo Marekani ilikuwa haijaona serikali ya mtaa iliyofilisika kwa deni kubwa kuliko hilo, mpaka ilipofuata Detroit mwaka 2013. Na nani aliyelipa? Bili za maji machafu zilikuwa zimekwisha kupanda zaidi ya mara tatu, na katika mpango wa kutoka katika ufilisi, mwaka 2013, wateja walipangiwa ziendelee kupanda mwaka baada ya mwaka. Vibibi wanaoishi peke yao katika nyumba za mbao ndio waliokuwa wadhamini wa deni lile, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sisemi kwamba mikopo yetu ni ya namna hiyo; mfuko wa IDA hauchezi kamari ya riba. Nasema kwamba mlango alioingilia mwizi kule uko wazi na hapa: jambo likiwa la lazima na la haraka, anayeuliza huitwa adui wa maendeleo. Nataja pia kwamba Wamarekani hao hao, mwaka 1972, serikali yao kuu iliamua kutoa asilimia 75 ya gharama za mitambo ya kusafishia maji machafu kuwa ruzuku, na ni tangu mwaka 1987 ndipo walipoanza kuigeuza kuwa mikopo. Yaani tajiri alijengewa kwanza kwa ruzuku, na maskini anaambiwa aanze kwa deni.

Hata hivyo sisi wapinzani tusiwadanganye wananchi kwa kuwaahidi mtaro usio na gharama. Lazima ada iwepo, na rai yangu, ambayo najua wako watakaoichukia, ni kwamba ifuate kiasi cha maji yanayotumiwa. Hoteli yenye vyumba mia, mabwawa ya kuogelea na dobi lake, isilipe sawa na mama wa Kikwajuni mwenye ndoo nne kwa siku. Na fedha ya ada hiyo iwe na daftari lake peke yake, lisichanganywe na posho wala petroli, na libandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu kama sisi tunavyobandika bei.

Wajumbe wetu katika Baraza la Wawakilishi waulize kwa kila mradi ujao: hati ya mazingira ilitoka siku gani, na saini ya mkopo ilitiwa siku gani. Ikiwa saini ilitangulia, basi hati ile ni pambo. Waulize pia asili ya deni itaanza kulipwa mwaka gani, na ni kasma ipi ya bajeti itakayolipa wasafishaji.

Na matawi yasingoje wajumbe. Nendeni watu watatu watatu mkaiombe hati ya mtaro upitao mtaani kwenu. Mkipewa ya Kiingereza, tawi halikosi kijana aliyesoma. Akae barazani baada ya isha aifasiri ukurasa kwa ukurasa, na wazee waulize. Mkiona haisemi mdomo wa mtaro uko usawa gani na maji ya bamvua, wala haisemi karo za mtaa zitapelekwa wapi, andikeni hivyo kwa Mamlaka kabla ya muda wa maoni kwisha, mtie majina yenu kamili na mitaa yenu, na nakala moja mbakie nayo tawini.