Basi na Lisimame Soni

Safari ya siku moja ya basi katika Milima ya Usambara Magharibi huanza Mombo, mji mdogo wa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mombo iko kwenye mwinuko wa mita 400 na ushei tu kutoka usawa wa bahari: joto, vumbi, mibuyu, na mashamba ya mkonge yanayoandamana na reli ya Tanga. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na barabara ya lami ya kufika huko ina kilomita 33. Kwa hiyo abiria hupandishwa mita elfu moja katika mwendo wa saa moja na kidogo. Kupanda huko ndiko moyo wa ziara yenyewe. Ziara inayopita mbio ili watu wakapige picha kwenye ukingo wa Irente, juu ya Lushoto, inapoteza nusu ya kile ilichokifuata.

Mwongoza watalii hodari huanza kazi kabla basi halijaiacha Mombo, kwa kueleza ukavu wake. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hufika milimani zimebeba unyevu, zikapanda, zikapoa, zikaumwaga upande wa mashariki na huko juu. Zinaposhuka upande wa Mombo huwa hazina tena cha kutoa. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya miamba ya kale sana inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kwa kuwa bahari haikuacha kuinyeshea hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu yake ilidumu kwa mamilioni ya miaka, na humo wamo mimea na wanyama wasioonekana penginepo duniani.

Baada ya hapo kona huanza. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Dereva hupiga honi kabla ya kila kona iliyofumba, kwani malori ya kabeji, karoti, nyanya na viazi huteremka muda wote kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Basi dogo la Kosta huipanda barabara hii vizuri kuliko basi kubwa, tena lina faida nyingine: sauti ya mwongozaji humfikia hata aliyeketi kiti cha nyuma.

Soni ni karibu nusu ya njia, na hapo ndipo basi halina budi kusimama, si dakika tano za kununua plamsi na peasi dirishani, bali muda wa watu kushuka na kusikiliza. Maporomoko ya maji yako kando ya barabara. Jirani yake iko njia ya kwenda Bumbuli inayopita Vuga, uliokuwa mji mkuu wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa wa milima hii. Mapokeo yanasema mwanzilishi wa ukoo huo, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Kisa hicho kipo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, na kingepaswa kuwa mkononi mwa kila anayeongoza ziara huku. Mzao wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi mwaka 1862, na mamlaka yake yalivuka milima kuelekea pwani. Mfalme wa Shambaai, yaani nchi ya Wasambaa, aliitwa Simba Mwene, na raia waliamini kwamba mvua imo katika uwezo wake. Aliyetoka kuuona ukavu wa Mombo muda mfupi uliopita haelezwi mara mbili uzito wa imani hiyo.

Kutoka Soni hadi Lushoto macho huvutwa na mashamba yaliyopanda hadi kwenye mgongo wa kilima. Mteremko mkali unaolimwa hupoteza udongo kila masika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi ngumu iliyowaelemea hasa wanawake. Upinzani ulikuwa mkubwa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mbinu zilizofuata baadaye, kama vile kupanda majani ya malisho kwa mistari inayokinga maji, zilipokelewa vizuri zaidi kwa kuwa ng'ombe wa zizini walipata chakula humo humo. Mgeni asiyeambiwa haya huona kijani kibichi tu, wala hajui kwamba kila ukanda wa majani umepandwa ili kuokoa shamba.

Mjini Lushoto hapahitaji muda mrefu. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, wakapafanya kituo cha utawala na mahali pa kulikimbia joto la pwani. Soko lapendeza, majengo machache ya zamani yatazamwe, kisha basi liendelee.

Kilomita chache kaskazini uko msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hapa abiria hawana budi kutembea kwa miguu. Mbega weusi kwa weupe huruka juu, na chini kuna ubaridi unaodai sweta hata mchana. Saa moja ya kutembea humo yatosha kwa ziara ya siku.

Chakula cha mchana huliwa vizuri katika shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, ambako jibini, mkate na jemu hutengenezwa papo hapo. Kutoka hapo hadi ukingo wa Irente si mbali, na ukungu wa asubuhi huwa umekwisha kuondoka. Mlima unakatika ghafla, na nyika imetandazwa mita elfu moja chini. Huko chini iko Mazinde. Semboja, mwana wa Kimweri, aliuacha mlima akaweka makao yake hapo, penye njia ya misafara. Biashara ilimpa bunduki, na kwa bunduki hizo alipigania ufalme wa Vuga hadi nchi ya baba yake ikagawanyika. Ukingoni mwa Irente mtazamaji anaona kwa jicho moja sababu ya vita vile: utawala wa mvua ulibaki juu, utajiri ukahamia chini. Mwongozaji anayesema hapa "tazameni mandhari" peke yake amewanyima wageni wake haki yao.

Kushuka kuanze kabla ya saa kumi na moja jioni. Basi hushuka kwa gia ileile ya kupandia, kwa maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawe na udongo huweza kuporomoka barabarani, na waandaaji wenye busara huahirisha safari baada ya mvua kubwa ya usiku. Juni na Julai ni baridi yenye ukungu mwingi. Kuanzia Desemba mwishoni hadi Februari anga huwa safi zaidi, na ndiyo miezi bora ya kuipanda Lushoto kwa basi.