MWANDISHI WA FILAMU NI MFANYAKAZI

Wako vijana katika miji yetu ambao, kazi za mchana zikisha kwisha na nyumba ikisha kulala, huwasha taa wakaketi kuandika. Wako Sinza na Tandale, wako Ng'ambo ya Unguja, wako Nairobi na Kampala. Hawaandiki vitabu wala barua. Wanaandika miswada ya filamu, ambayo wenyewe huiita skripti, na kutokana na karatasi zao hutoka michezo ambayo sisi sote huketi mbele ya televisheni jioni kuitazama, tukacheka na kulia. Juu ya watu hao twataka kusema leo, maana ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine, na haki yao imesahauliwa hata na watu wapendao haki.

Mwombe ndugu yeyote akutajie waigizaji kumi wa filamu za Kiswahili. Atakutajia pasipo kupumua. Kisha mwombe akutajie waandishi watatu tu. Atakuna kichwa. Wala jambo hili si la jana. Wazee wetu wanajua kwamba marehemu Rashidi Mfaume Kawawa alicheza katika senema ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka wa 1955, na kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1962. Sura yake katika senema ile ingali ikisimuliwa. Lakini ni nani kati yetu awezaye kumtaja mtu aliyeyaandika maneno aliyoyasema?

Yafaa tukumbuke kwamba kalamu ya senema si kitu kidogo. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Wazungu walifanya majaribio ya kutengeneza senema za kuwafundisha Waafrika wa nchi hizi. Waigizaji walikuwa Waafrika. Lakini aliyeamua neno gani lisemwe, na ni nani katika hadithi aonekane mwerevu na ni nani aonekane mjinga, alikuwa Mzungu. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1968, likaundwa Shirika la Filamu la Tanzania, na katika miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyoeleza maisha ya Ujamaa kwa macho ya watu wenyewe. Kalamu ilikuwa imerudi nyumbani. Haielekei basi kwamba, kalamu ikisha kurudi mikononi mwetu, mkono unaoishika uachwe na njaa.

Huenda msomaji akasema, "Kuandika mchezo ni kazi gani? Waigizaji si huzungumza tu?" La, ndugu. Wenye kazi hiyo hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni dakika moja ya filamu. Filamu ya saa moja na nusu basi yataka kurasa zipatazo tisini, na kurasa hizo huandikwa, hufutwa na kuandikwa upya mara nyingi kabla kamera haijafunguliwa. Mwandishi wa riwaya aweza kusema kwamba Asha alihuzunika, akaendelea na hadithi yake. Mwandishi wa filamu hana ruhusa hiyo, kwa sababu kamera haipigi picha ya moyo. Sharti atafute jambo litakaloonekana: labda Asha apakue chakula cha watu wawili, kisha arudishe sahani moja kabatini.

Tena katika nchi zetu, ambako fedha za filamu ni haba, mwandishi hupaswa kuwa mhasibu pia. Akiandika mvua, yeye ndiye atakayefikiri maji yatatoka wapi. Akiandika umati wa watu sokoni, hana budi kukumbuka kwamba watu hao watataka nauli na chakula. Akiandika mchezo wa usiku, mtayarishaji atakodi taa. Mwandishi stadi huichukua nyumba moja, ua mmoja na watu wanne, akawapa jambo la kugombania hata mtazamaji asione kwamba hajatolewa nje ya ua ule. Huo ni ufundi, sawa na ufundi wa seremala ambaye hupewa ubao mfupi akatoa meza kamili.

Matunda ya ufundi huo tumeyaona. Mwaka wa 2012, filamu ya Nairobi Half Life iliyoongozwa na David Gitonga ilipeleka Kiswahili na Sheng za mitaa ya Nairobi mbele ya walimwengu, na mswada wake uliandikwa na waandishi kadhaa kwa pamoja. Mwaka wa 2021 Amil Shivji alionyesha huko Toronto, Kanada, filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapwa mwaka wa 1999. Kuigeuza riwaya kuwa filamu ni kazi ya kuchagua: watu gani wabaki, sura ipi iachwe, na maneno yapi yageuzwe kuwa vitendo. Yako mengine yanayongoja. Mwandishi huyo huyo aliandika Kuli, kitabu cha mwaka wa 1979 juu ya maisha na mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja. Ni mfanyakazi gani asiyetamani kuiona hadithi ya namna hiyo ikisimama mbele yake katika picha?

Sasa tutazame jinsi kazi hii inavyolipwa. Tuchukue mfano wa kijana mmoja, ambaye tunampa sura ya wengi. Ameandika mswada kwa miezi minne. Anampelekea mtayarishaji, nao wanapatana kwa mdomo, wakiwa wamesimama barabarani. Anapewa fedha kidogo za kuanzia na ahadi kwamba zilizobaki zitakuja filamu ikiuzwa. Filamu inatoka, na penye jina la mtunzi limeandikwa jina la mwigizaji mashuhuri. Kijana anapouliza, anaambiwa, "Wewe ulitoa wazo tu, sisi ndio tuliotengeneza." Hana karatasi, hana shahidi, na nakala ya mswada wake aliitoa yote. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatupendi kuwaonea watayarishaji. Nao wana shida zao, na twazijua. Tangu zama za kanda na santuri, wezi wa nakala wamekuwa wakiwanyang'anya mapato. Filamu hutoka leo, na kesho inauzwa mtaani na mtu asiyetoa hata senti katika kuitengeneza. Vituo vya televisheni na mtandao vimefungua soko jingine, lakini bei hupangwa na mnunuzi. Yote hayo ni kweli. Lakini umaskini wa biashara hauwi sababu ya kumnyima mmoja na kuwalipa wengine. Mwenye kamera hulipwa kabla hajaondoka. Mwenye gari hulipwa. Mpishi hulipwa. Iweje basi yule ambaye bila yeye wote hao wasingekuwa na la kufanya, ndiye peke yake aambiwe asubiri?

Wala sheria haikukosekana. Bara iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka wa 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka wa 2003. Lakini kila mwandishi na alifahamu jambo moja: sheria hailindi wazo lililoko kichwani, wala lililosimuliwa kwenye kahawa. Inalinda kazi iliyokwisha kutungwa. Kwa hiyo andika kwanza, weka nakala yenye tarehe, isajili katika ofisi ya hakimiliki, ndipo uende kuionyesha. Na mapatano yaandikwe, hata kama mtayarishaji ni ndugu yako wa ziwa moja. Yaandikwe malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini. Jina la mwandishi litaonekana wapi. Na ikiwa filamu itageuzwa kuwa tamthilia ya sehemu nyingi, au itauzwa nchi nyingine, mwandishi atapata nini. Karatasi mbili tu zatosha kumaliza ugomvi wa miaka miwili.

Na waandishi nao wasidhani kwamba twawasifu tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wako wanaopeleka miswada ambayo nusu yake ni mapengo, wakitumaini waigizaji watayajaza kwa maneno yao papo hapo. Wako wanaotazama filamu ya kigeni usiku, na asubuhi wakaibadilisha majina tu, wakatuletea majumba na visa ambavyo havina harufu ya nchi hii. Mtu anayedai haki ya kazi yake sharti awe na kazi ya kudaiwa haki. Nafasi za kujifunza zimepata kufunguliwa: Tamasha la Filamu la Nchi za Majahazi, lililoanzishwa Zanzibar mwaka wa 1997, limewakutanisha watu wa kazi hii kutoka pembe zote za bahari yetu, na Maisha, mradi ulioanzishwa na Mira Nair mwaka wa 2004 huko Kampala, uliwafundisha uandishi wa filamu vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini mtu mmoja mmoja, hata akiwa stadi, hawezi kumshinda mnunuzi mwenye nguvu. Huko Marekani, waandishi wa filamu na televisheni wapatao 11,500 waliacha kazi tarehe 2 Mei 2023, wakakaa siku 148. Miongoni mwa waliyoyapigania ni kwamba mashine ya kubuni maandishi isihesabiwe kuwa mwandishi, wala isitumiwe kumpunguzia binadamu ujira. Walirudi kazini na mapatano yaliyoandikwa juu ya jambo hilo. Hawakufika hapo kwa sababu ni matajiri; wengi wao walikuwa wakilalamika kodi ya nyumba kama tunavyolalamika sisi. Walifika kwa sababu walisimama pamoja katika chama. Mashine hiyo hiyo imekwisha kuingia katika simu za vijana wetu. Mtayarishaji atakayetaka kuitumia ili asimlipe mtu hatangoja ruhusa yetu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mwandishi asiye katika chama cha kazi yake na ajiunge, na vyama vilivyopo viandike mkataba mmoja wa mfano, kwa Kiswahili chepesi, ambao kila mwandishi aweza kuuweka mezani. Vituo vinavyonunua filamu vidai kuuona mkataba wa mwandishi kabla ya kulipa, kama vinavyodai vibali vingine. Nanyi wafanyakazi wa viwandani, bandarini, mashambani na maofisini, mnajua ujira uliocheleweshwa una maana gani nyumbani mwa mtu. Jioni ya leo, mchezo utakapokwisha na majina yakaanza kupita, msizime televisheni. Ngojeni mpaka jina la mwandishi lipite. Na lisipopita, ulizeni ni kwa nini.