Lugha ya Matangazo ya Serikali

Mtoto akiharisha sana, maji na chumvi humtoka mwilini, na asiporudishiwa aweza kufa kabla hajafikishwa hospitali. Jambo hilo kila mwalimu wa biolojia hulifundisha. Sasa tuseme mama yake anasoma tangazo ukutani: "Wagonjwa wenye dalili za upungufu wa maji wapatiwe myeyusho wa elektrolaiti kwa njia ya kinywa, kwa kuzingatia uwiano stahiki." Tangazo hili nimelitunga mwenyewe, lakini msomaji atakiri kuwa ndugu zake ni wengi. Kila neno lake ni sahihi, na mama hajui afanye nini.

Tulinganishe na hili: "Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia sukari vijiko sita vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Kila kijiko kisawazishwe, kisijae kupita ukingo. Koroga hadi viyeyuke. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo, na umpeleke zahanati."

Wako wataalamu wasemao kwamba lugha nyepesi huipunguzia sayansi uhakika wake. Mimi naona kinyume. Tangazo la kwanza laficha vipimo nyuma ya maneno "uwiano stahiki". La pili lavitaja, tena laeleza namna ya kupima, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Aliyeandika la kwanza hakulazimika kukijua kipimo. Aliyeandika la pili hakuwa na mahali pa kujificha.

Nchini Tanzania jambo hili limepata kufanywa vizuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na wengi wao walikuwa wamejifunza kusoma karibuni tu. Walielezwa habari za malaria, kichocho na kuhara kwa Kiswahili cha nyumbani, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ni kubwa, lakini Kiswahili nacho chaweza kuandikwa hata kikawa kigeni. Twasoma "utekelezaji wa zoezi la uhamasishaji" mahali ambapo "tutawahimiza watu" pangetosha. (Zamani zoezi lilikuwa la askari na la wanafunzi, siku hizi hata kufagia soko ni zoezi.) Kibaya zaidi ni ile kauli inayomficha mtenda: "Fomu ziwasilishwe mapema." Ziwasilishwe na nani, kwa nani, kabla ya tarehe ngapi?

Walimu wa sekondari wanaweza kuanza bila kungoja waraka wowote. Chukueni tangazo moja la serikali kutoka ubao wa kijiji au wa kata, wanafunzi waliandike upya, wala wasipunguze tarehe, kipimo au sharti hata moja. Kisha kila mmoja akamsomee mzazi au jirani. Asimwulize, "Umeelewa?", kwa kuwa kwa adabu atajibu ndiyo. Amwulize, "Sasa utafanya nini?" Jibu likienda kombo, kosa si la mzee, karatasi irudishwe darasani ikaandikwe tena.