Nafsi Ikikusuta, Usikimbie

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi tunalijua ila hatulisemi. Ni ile hali ya mtu kuwa kitandani saa nane za usiku, mwenzake kalala fofofo pembeni, na yeye macho kodo anatazama dari. Haumwi malaria, wala si presha ya kazi. Kuna jambo kalifanya, na nafsi inamsuta.

Inaweza kuwa meseji anazozifuta kila jioni kabla ya kufungua geti. Inaweza kuwa mkopo aliochukua kwa siri, huku nyumbani wanajua mshahara unaingia wote. Inaweza kuwa risiti ya safari ya kikazi iliyoongezwa sifuri moja. Kwa mwingine ni zito zaidi: kuna mtu wa pembeni, au mtoto ambaye ndugu wa mke hawajawahi kumsikia.

Hapo wengi wetu tunashika njia moja kati ya mbili. Yupo anayejipoza: “Mimi binadamu bwana, Mungu anaujua moyo wangu.” Jumapili anaimba kwaya kama kawaida na maisha yanaendelea. Na yupo anayejimaliza: “Mimi ni mchafu tu, sifai.” Anaacha ibada, anaacha kusali, na mara nyingi anazidisha lile lile linalomsumbua, maana anaona ameshaharibikiwa. Ukiwatazama haraka utadhani ni watu tofauti kabisa. Lakini wote wawili wanakimbia kitu kimoja.

Sauti mbili, tofauti ni moja

Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 7, anazungumzia huzuni za aina mbili. Ipo inayotoka kwa Mungu, ambayo humfanya mtu ageuke na kupona. Na ipo ya kidunia, ambayo mwisho wake ni mauti. Zote zinaliza. Zote zinakosesha usingizi. Sasa utazitofautishaje?

Watazame Petro na Yuda. Wote walikuwa wanafunzi wa Yesu, wote walikula naye mezani, na wote walimwangusha usiku ule ule. Tumezoea kusema kwamba Petro alitubu na Yuda hakutubu. Lakini soma Mathayo 27 taratibu. Yuda alijuta. Alizirudisha zile fedha 30 na akakiri kwa mdomo wake kwamba ametenda dhambi. Ukitafuta maungamo, yapo. Ukitafuta kurudisha alichochukua, amerudisha.

Shida ni kule alikokwenda. Alikwenda kwa makuhani waliomtumia, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu. Hakurudi kwa yule aliyemkosea, wala kwa wenzake. Akatoka peke yake, akajinyonga.

Petro naye alilia kwa uchungu. Alikuwa amemkana Bwana wake mara 3. Lakini alibaki na wenzake, na ukisoma Yohana 21 utamkuta kando ya ziwa asubuhi, kuna moto wa makaa na samaki juu yake, Yesu amewaandalia chakula. Pale anaulizwa mara 3 kama anampenda, na kila akijibu anakabidhiwa kazi ya kuchunga kondoo.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana, mpenzi msomaji. Sauti ya Mungu inataja tendo lako, halafu inakupa pa kwenda na la kufanya. Sauti ya mshitaki, jina ambalo Ufunuo 12 unampa Ibilisi, haitaji tendo. Inakupa wewe jina. Malaya. Mwizi. Baba asiyefaa. Halafu inakuacha humo humo gizani. Ukisikia ndani yako, “Ile hela ya kikundi irudishe, na mhasibu umwambie ukweli,” hiyo hata kama inauma, isikilize. Ukisikia, “Wewe ndivyo ulivyo, hutabadilika,” hiyo usiipe kiti sebuleni kwako.

Askofu na jikoni kwake

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina historia yake. Miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, kwenye kituo cha misheni chenye hospitali. Ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wale Balokole, yaani waliookoka. Msemo wao mkubwa ulikuwa kutembea nuruni, na hawakuuishia kwenye mahubiri. Watu walirudisha mali walizoiba na kulipa madeni waliyoyakwepa. Walikwenda kuombana radhi, Mwafrika na mmisionari, jirani na jirani, mume na mke.

Mmoja wa watu wa uamsho ule alikuwa Festo Kivengere, Mganda aliyewahi kufundisha shule Dodoma na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Inasimuliwa kwamba siku moja aligombana na mkewe, Mera, muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Alipokuwa akijiandaa alisikia ndani yake kwamba arudi akapatane na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba muda umebana, watu wanangoja, atakwenda baadaye. Jibu alilolipata moyoni likawa kwamba basi aende yeye akahubiri, Mungu atabaki jikoni na Mera. Kivengere akarudi jikoni.

Angalia jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Si uzinzi, si wizi. Ni maneno makali nyumbani. Na hakuambiwa kwamba yeye ni mnafiki asiyestahili kushika Biblia. Aliambiwa arudi jikoni. Anwani inajulikana na kazi inajulikana.

Wengi wetu tunataka Mungu aseme nasi kwa mambo makubwa, wakati yeye anatukumbusha kila siku jibu tulilomjibu mwenzetu asubuhi mbele ya watoto. Ukizoea kulipuuza dogo, sikio linakufa ganzi. Likija kubwa hutalisikia.

Neema inatangulia, ila si leseni

“Sasa mbona inaogopesha hivi?” utaniuliza. Inaogopesha kwa sababu tunadhani lazima tujisafishe kwanza ndipo Mungu atupokee. Msome Zakayo, Luka 19. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru Yeriko, tajiri, na watu walimchukia. Yesu alimwambia anataka kushinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Baada ya kukaribishwa hivyo ndipo Zakayo akasimama na kusema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara 4. Neema ilitangulia, daftari la madeni likafuata.

Lakini tusidanganyane, daftari lilifuata. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliandika kitabu mwaka 1937 akiwakemea Wakristo wenzake kwa kuigeuza neema kuwa kitu cha bei rahisi: msamaha bila toba. Aliyaishi aliyoyaandika. Alisimama kinyume na utawala wa Hitler, na tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg.

Na neema haifuti kila matokeo. Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Nabii Nathani alimfikia na kisa cha tajiri aliyempora maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Alikiri na akasamehewa pale pale. Hata hivyo Uria hakufufuka, na nyumba ya Daudi iliyumba kwa miaka mingi. Kusamehewa na kukwepa gharama ni vitu viwili tofauti.

Je, nimwambie mwenzangu?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndipo wengi tunapokwama. Tunasema, “Nimeshatubu kwa Mungu, yatosha.” Wakati mwingine kweli yatosha. Wazo baya lililopita kichwani ukalikataa halihitaji kikao cha ndoa. Lakini kama kosa limegusa mwili wake, fedha zake au maisha yake, hilo si lako peke yako na Mungu. Ni lake pia.

Nianze na la afya, kwa sababu hapa kukaa kimya kunaweza kuua. Kama umetoka nje ya ndoa au uchumba wako, nenda kapime Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Kama tukio ni la juzi, wahi kituo cha afya leo: zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha kwanza, hivyo rudi kupima kama utakavyoelekezwa. Na usimguse mwenzako bila kinga huku ukijua kuna hatari asiyoijua. Kumficha hilo ili ndoa “isivurugike” ni kumuumiza mara ya pili.

Pili, sema ukweli bila kuuzungushia maua. “Niliteleza” ni neno linalopendwa sana, lakini mtu hatelezi kwa miezi 6. Sema ulichofanya. Usimwekee yeye sababu: “Ningefanyaje na wewe ulikuwa bize?” Hayo si maungamo, ni mashitaka.

Tatu, maelezo yasizidi hitaji. Kutembea nuruni si kumsimulia mwenzako picha ambazo hataweza kuzitoa kichwani. Ajue ni nini, kwa muda gani, na kama kimekwisha. Akiuliza zaidi, jibu kweli.

Nne, usiungame ili wewe upate usingizi halafu yeye aanze kukesha peke yake. Baki hapo. Kubali kulia kwake, kubali kimya chake. Mwombe mkamwone mchungaji, padri au mshauri mnayemwamini wote wawili.

Nitoe tahadhari moja. Kama unaishi na mtu anayepiga, usikae naye chumbani peke yako na habari ya namna hiyo. Hakikisha kwanza usalama wako, na awepo mtu mzima anayeweza kuwalinda. Mungu hakudai uhai wako kama gharama ya maungamo.

Na wewe uliyekosewa

Dada yangu, kaka yangu, huenda mwaka huu wewe ndiye uliyeambiwa. Watakuja ndugu na majirani na mstari wa Biblia mkononi, wakikuharakisha usamehe yaishe kabla ya sherehe ya shangazi. Kusamehe ni amri, kweli, lakini si amri ya kujifanya hukuumia. Na kusamehe si sawa na kurudisha imani. Msamaha unaweza kuutoa hata leo, lakini imani inajengwa kwa matendo, siku kwa siku. Hakuna dhambi kusema, “Nimekusamehe, lakini leo tunakwenda kupima, na kuanzia mwezi huu hesabu za nyumba tunaziangalia pamoja.”

Ila jihadhari na jambo moja. Usiwe wewe yule mshitaki. Kila mkikosana juu ya chumvi kwenye mchuzi, usilifukue la mwaka juzi. Taja tendo la leo, usimpe jina. Mtu anayeitwa mwongo kila siku ndani ya nyumba yake mwishowe ataona hakuna faida ya kusema kweli.

Kwa wachumba: anzeni sasa. Tunakesha kwenye vikao vya harusi tukihesabu ahadi na kupanga rangi za ukumbi, halafu bwana harusi ana deni ambalo bibi harusi atalijua miezi 3 baada ya fungate. Tengeni jioni moja, zimeni simu, kila mmoja aseme lile analoomba lisijulikane. Kama uchumba hauwezi kuubeba ukweli, ni afadhali mjue kabla ya pete kuliko baada ya watoto 2.

Warumi 8 unaanza kwa kusema kwamba aliye ndani ya Kristo hana tena hukumu ya adhabu juu yake. Wengine husoma hapo wakajiona wameruhusiwa kuficha. Mimi naona kinyume chake. Anayejua hatatupwa ndiye pekee mwenye ujasiri wa kufungua mdomo.

Kwa hiyo usiku wa leo ukisutwa, usiwashe televisheni kuizima ile sauti, wala usijitukane. Jiulize maswali mawili tu: Ni tendo gani linalotajwa? Na ni kwa nani ninatakiwa kurudi? Ukiwa na majibu, usingoje mahubiri ya Jumapili. Huyo mtu huenda yuko chumba cha pili, anapiga pasi nguo za kesho.