MWEZI HAUNA WAKE 27! (Kwa wanaoahirisha nikaha kwa sababu ya Akrabu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nina neno na wanaojiita wataalamu wa falaki, na nina neno kubwa zaidi na nyinyi mnaowalipa.

Imekuwa wimbo sasa. Mtu ana safari ya Dar, tiketi ameshakata, anaambiwa asubiri, mwezi umeingia Akrabu. Mwingine anafungua kibanda Kilombero, anaambiwa siku hiyo ni nuhusi. Na juzi dada mmoja ameniandikia. Mahari imepokelewa, wazee wameshakaa, siku imetajwa. Mama yake mdogo akaenda kwa mtu, akatoa kifungua mkoba, jamaa akajumlisha herufi za jina la binti na la mama yake, akafanya hivyo hivyo kwa kijana, akatoa hukumu: nyota zao haziivani, huyu moto yule maji. Nikaha imesimama. Kijana anaswali, ana kazi yake, hana ugomvi na mtu. Kosa lake ni jina alilopewa akiwa na siku saba!

Sasa kwa kuwa mnaambiwa hii ni "elimu ya Kiislamu ya kale", njooni tuangalie kale yenyewe ilikuwaje.

Mwezi unazunguka mbingu kwa siku 27 na robo hivi. Watu wa zamani wakaigawa njia yake vituo, kila usiku kituo. Waarabu walihesabu 28, wakaviita manazili. Wahindu wanahesabu 27, wanaviita nakshatra, na zamani walikuwa na cha 28 pia.

Kwa nini mwezi unalala kila usiku mahali tofauti? Kisa cha Kihindu kinasema hivi. Kulikuwa na mkubwa mmoja, Daksha, mwenye mabinti 27. Akawaoza wote kwa Mwezi, ambaye kwao ni mungu wa kiume, Chandra au Soma. Kila usiku nyumba ya mke mmoja, ndiyo zamu. Lakini Mwezi akampenda Rohini kuliko wenzake, akawa haondoki kwake. Wengine wakaenda kushtaki kwa baba. Daksha akamlaani mkwewe akonde. Mwezi ukaanza kukonda kweli, na viumbe vikadhoofika pamoja nao, mpaka wakaombewa. Laana ikapunguzwa: nusu ya mwezi akonde, nusu anenepe. Basi hilo ndilo wanaloeleza kwa nini mwezi hupungua na kujaa. Wivu wa uke wenza!

Rohini ni ile nyota nyekundu ambayo Waarabu wanaiita Dabarani. Iliyo mbele yake ni Krittika, kwa Kiarabu Thurayya, na hiyo mnaijua wote: ni KILIMIA. Mwezi wa Januari toka nje baada ya Isha, tazama upande wa Mlima Meru, juu sana, utakiona kimejikusanya kama vifaranga. Wahindu wana kisa chake nacho. Wanasema hao ni wanawake sita, wake wa watawa wakubwa, waliofukuzwa na waume zao kwa kushukiwa zinaa. Wakamnyonyesha mtoto aitwaye Skanda, naye akaota vichwa sita ili kila mmoja apate kumnyonyesha.

Naomba nieleweke. Sijaleta visa hivi ili tuwacheke majirani zetu Wahindu. Tunaishi nao mjini hapa, tunauziana na kununuliana, na Allah ametukataza kuyatukana yale wanayoyaabudu wengine (Al-An'am 108). Tena Mhindu hajichanganyi. Kwake Mwezi ni mungu mwenye wake, kwa hiyo ana haki ya kuuliza leo amelala kwa nani na ameamkaje. Akitaka kuoza binti, anapeleka nakshatra za wawili zikapimwe kwa alama 36. Anafuata itikadi yake.

WEWE JE? Unasema mara tano kwa siku kwamba hakuna mwenye nguvu ila Allah, halafu unauliza mwezi umelala nyumba gani ndipo umwoze binti yako?

Na msiniambie kitabu kimeandikwa kwa Kiarabu. Waarabu wa jahiliyya walikuwa na hadithi zao vile vile. Walisema Dabarani alimposa Thurayya, akakataliwa kwa ufukara, na mpaka leo anamfuata nyuma akiswaga ngamia wa mahari. Kiarabu alikizungumza hata Abu Jahl.

Qur'an ilikuja ikafuta hayo yote. Katika Yasin aya ya 39 tunaambiwa kuwa Allah ndiye aliyeupimia mwezi vituo mpaka ukarudi mwembamba kama karara kavu la mtende. Hakuna mke, hakuna laana. Na Yunus aya ya 5 inataja faida ya vituo hivyo: tujue idadi ya miaka na hesabu. Bahati haikutajwa!

Pale Hudaybiyya mvua ilinyesha usiku. Mtume (S.A.W.) alipomaliza swala ya alfajiri akawafundisha maswahaba kwamba anayesema tumenyeshewa kwa fadhila za Allah amemwamini Allah na kuikanusha nyota, na anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani ameiamini nyota na kumkanusha Allah. Imo katika Bukhari na Muslim. Na zile nyota walizokuwa wakizitaja Waarabu kwa mvua, ndizo hizi hizi za manazili.

Mkulima wa Tengeru ataniuliza: shehe, babu zetu walilima kwa kukiangalia Kilimia, jina lenyewe limetoka kwenye kulima, na Wamaasai nao wanaziita mvua kwa jina la nyota hizo hizo. Ni haramu? Hapana, mzee wangu. Wanazuoni wametenganisha: kuna kujua mwendo wa nyota, upate kibla, njia na msimu, hiyo inajuzu. Na kuna kudai nyota INAFANYA jambo, au inakujulisha ghaibu, hiyo ndiyo haramu. Saa ya ukutani inakuonesha adhuhuri, haikuleti adhuhuri.

Halafu hata kwa hesabu yao wenyewe wanagongana. Wahindu wanaanza kuhesabu mbingu kutoka kwenye nyota zenyewe. Jedwali za magazetini zinaanzia pale jua lilipo siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana. Tofauti yake leo ni nyuzi kama 24, na mwezi hutembea nyuzi 13 hivi kwa siku. Kwa hiyo gazeti likisema mwezi umeingia Akrabu, kwa Mhindu bado karibu siku mbili uko Mizani. Na Akrabu yenyewe hudumu siku mbili na kidogo tu! Umeahirisha nikaha kwa ng'e yupi?

Mwingine atasema: mbona marehemu Sheikh Yahya Hussein alikuwa na jina la shehe na alitabiri nchi nzima ikamsikiliza? Amefariki tangu 2011, hesabu yake iko kwa Mola wake, sisi hatumhukumu. Lakini kanzu ya mtu si dalili. Dalili ni aya na hadithi.

"Lakini niliyoambiwa yalitimia." Mtume (S.A.W.) alishaulizwa hilo kuhusu makuhani. Akaeleza kuwa ni neno moja la kweli analoliiba jini, kisha linachanganywa na uongo zaidi ya mia. Wewe umelishika lile moja, yale mia umeyasahau. Na katika Muslim imo kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Mama mdogo, hizo ni swala 200, mbali na pesa uliyoiacha kule.

Binti akiposwa, ulizeni dini yake na tabia yake. Ulizeni msikitini kwake, ulizeni majirani, ulizeni kazini. Swalini istikhara rakaa mbili. Mkiridhika, itisheni shehe siku yoyote, hata mwezi ukiwa Akrabu.

Wallahu a'lam.