Ukungu Nyumbani: Tupime Nini?

Masika yakikolea kuna harufu ambayo kila mama wa nyumba anaifahamu. Ukifungua kabati, nguo zinanuka uvundo. Ukisogeza kitanda, ukutani nyuma yake pana madoa meusi au ya kijani mithili ya masizi. Huo ndio ukungu, wengine huuita kuvu au koga. Mwezi huu napenda tuuzungumzie, na hasa lile swali ambalo wengi hulisikia kutoka kwa ndugu zao walioko Marekani, Kanada na Uingereza: je, yafaa kumlipa mtaalamu aje kupima ukungu ndani ya nyumba?

Huko kwao kazi hiyo ni biashara kamili. Mpimaji huja na kifaa chenye sindano mbili, akakichomeka ukutani kujua una unyevu kiasi gani. Huja pia na kamera inayoonyesha sehemu za ukuta zenye baridi, maana mara nyingi penye maji pana baridi kuliko pembeni. Kisha hutega pampu ndogo inayovuta hewa ya chumbani kwa dakika chache na kunasa zile chembe za uzazi wa ukungu ziitwazo spora. Huvuta na hewa ya nje ili kulinganisha. Sampuli hupelekwa maabara, zikahesabiwa kwa darubini, na mwenye nyumba hupewa karatasi yenye majina ya Kilatini na tarakimu nyingi.

Kwa maoni yangu, sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, yaani kutafuta maji yalipo, ina thamani. Sehemu ya pili, ile ya kuhesabu spora, kwa nyumba nyingi ni fedha iliyotupwa. Wala si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira hueleza kwamba ukungu ukishaonekana kwa macho, mara nyingi hakuna haja ya kuchukua sampuli, na kwamba serikali kuu ya nchi hiyo haijaweka kiwango chochote cha spora kinachosema hapa ni salama na hapa ni hatari. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, halikuweka kiwango. Lilihimiza unyevu uzuiwe na ukungu uondolewe, basi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Spora ziko kila mahali, shambani, barabarani, kanisani, sokoni. Ukifagia chumba zinapaa. Ukifungua dirisha zinabadilika. Hesabu ya saa tatu asubuhi si hesabu ya saa kumi jioni. Tena watu hawafanani: mtoto mwenye pumu atabanwa kifua mahali ambapo kaka yake analala fofofo. Sasa ile karatasi ya maabara itakwambia ufanye nini ambacho hukukijua ulipoliona doa?

Napenda niwaeleze habari ya mtoto Awaab Ishak, ambayo iliandikwa sana magazetini. Alizaliwa na wazazi waliotoka Sudan, wakiishi katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kupangisha ya shirika la makazi ya jamii. Mwaka 2017 baba yake alipeleka taarifa ya ukungu kwa wenye nyumba, akaambiwa apake rangi juu yake. Ukungu ukarudi. Julai 2020 mtumishi wa afya anayetembelea familia alitoa taarifa, na mwezi huo huo ukaguzi ulifanyika na kukuta ukungu jikoni na bafuni unaohitaji kushughulikiwa. Lakini familia ilikuwa imeshaanza madai kwa njia ya wanasheria, na utaratibu wa shirika lile ulikuwa kusubiri wanasheria wakubaliane kwanza ndipo mafundi waingie. Desemba 21 mwaka huo Awaab alifariki. Alikuwa ametimiza miaka miwili siku chache tu nyuma. Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilitamka kwamba alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu.

Angalieni vizuri. Doa lilionekana. Taarifa ilitolewa. Mkaguzi alikuja na akaandika. Kilichokosekana ni fundi. Tena wale wenye nyumba baadaye walikiri kwamba walikuwa na dhana zao kuhusu namna familia ile inavyoishi na kuoga. Ni rahisi sana kumlaumu mpangaji kwamba anapika ndani, anaanika nguo ndani, hafungui madirisha, kumbe ukuta wenyewe unavujia.

Kwa sababu ya kifo hicho Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2023, na sehemu yake inayojulikana kwa jina la Awaab ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025. Mwenye nyumba za kupangisha za jamii akipata taarifa ya unyevu au ukungu wenye hatari kubwa, anapaswa kuchunguza ndani ya siku 10 za kazi, na akishaiona hatari anapewa siku 5 za kazi kuiondoa. Ikiwa ni dharura, saa 24. Sheria hiyo inahesabu siku, haihesabu spora, na hapo ndipo nionapo hekima yake.

Huku kwetu wapo wasomaji wa ukurasa huu wenye nyumba za kupangisha. Mpangaji akikuletea habari ya ukungu, usimpe kopo la rangi. Rangi iliyopakwa juu ya ukungu hubambuka, na mtoto ameendelea kuvuta hewa ile ile.

Haki itendeke, hata hivyo, kwa wapimaji. Ipo nyumba inayonuka uvundo na hakuna doa linaloonekana, kwa kuwa maji yanavuja ndani ya ukuta au juu ya dari. Yuko mtu anayenunua nyumba na anataka kujua anachonunua. Yuko mwenye kesi anayehitaji ushahidi. Kwa hao, mkaguzi mwenye ujuzi ni msaada. Sharti ni moja: anayepima asiwe ndiye anayeuza usafishaji. Majimbo ya Texas, Florida na New York yameweka sheria za kumzuia mtu kupima na kusafisha ukungu katika kazi ile ile, maana daktari anayeuza majeneza hatumwamini. Mwenye ndugu huko ampelekee neno hili.

Pia msitishwe na rangi. Wengi wamesikia kwamba ukungu mweusi ndio wenye sumu ya kuua. Hofu hiyo ilivuma hasa baada ya watoto wachanga wa mji wa Cleveland, Marekani, kutokwa damu mapafuni mwaka 1993 na 1994, na ukungu mmoja mweusi ukatajwa kuwa chanzo. Mwaka 2000 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kiliupitia upya uchunguzi ule na kusema uhusiano huo haukuthibitika. Ukungu wa rangi yoyote uondolewe.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu, ambako hakuna haja ya pampu. Macho, pua na mkono vinatosha kwa sehemu kubwa. Ukungu hauoti bila maji, kwa hiyo ukiuona, uliza maji yanatoka wapi.

Unyevu unaoanzia chini na kupanda mpaka usawa wa kiuno, ukiacha unga mweupe wa chumvichumvi kwenye lipu, unatoka ardhini. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Nyumba iliyojengwa vizuri huwekewa karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi ili kuyakata maji hayo, lakini waashi wengine huiruka kwa kubana gharama, na mwenye nyumba hajui hadi miaka mitatu ipite. Kuiweka baadaye ni kazi kubwa. Kinachowezekana kwa gharama ndogo ni kuchimba mtaro kuizunguka nyumba, kuondoa udongo uliorundikana ukutani, na kuelekeza maji ya bati mbali na msingi. Nimeona nyumba nyingi ambazo maji ya paa zima yanamwagika pale pale ukutani, halafu mwenyewe anashangaa kwa nini chumba kinanuka.

Doa la duara kwenye dari, lenye ukingo wa rangi ya chai, latoka juu: msumari umelegea au bati limetoboka. Panda uangalie siku ya jua, usingoje mvua.

Ukungu wa kwenye pembe, nyuma ya kabati, na juu ya dirisha hutokana zaidi na mvuke wa ndani. Nyanda za juu, Njombe, Makete, Lushoto, hata Limuru kule Kenya, usiku ni wa baridi, watu watano wamelala chumba kimoja, madirisha yamezibwa na matambara. Pumzi zao zinagonga ukuta wa baridi na kugeuka maji. Dawa yake ni kusogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na kufungua madirisha mawili yanayoelekeana kila asubuhi. Sufuria ifunikwe wakati wa kupika.

Ukishindwa kujua kama unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani, fanya hivi. Paukaushe mahali penyewe kwa kitambaa, ubandike kipande cha nailoni angavu kwa selotepu pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, ukuta wenyewe una maji. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Hicho ni kipimo cha bei ya soda.

Ndugu zetu wa pwani wana shida yao, kwa kuwa hewa yenyewe imejaa maji. Vitabu vya Ulaya na Marekani hushauri unyevunyevu wa hewa ndani ya nyumba usizidi asilimia 60, jambo ambalo mkazi wa Tanga au Mombasa miezi mingi atalitafuta bila kulipata. Hata hivyo wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue, tena ukungu hauipendi. Ubaya umekuja tulipoanza kuzifunika kuta hizo kwa saruji na rangi ya mafuta. Maji yanafungiwa ndani, lipu inavimba na kudondoka. Kwa ukuta wa zamani, chokaa ni bora kuliko rangi ya bei kubwa.

Kuondoa ukungu kwenyewe si kazi ya mtaalamu iwapo doa halizidi ukubwa wa karibu mita moja ya mraba. Sabuni, maji, brashi, kisha ukaushe kabisa. Funika pua na mdomo, vaa glavu, fungua madirisha, na watoto watoke nje. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo, usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Godoro lililolowa na kuota ukungu halisafishiki. Nyumba ikiingiwa na maji ya mafuriko, vitu vikaushwe ndani ya siku moja au mbili, maana ukungu hausubiri zaidi ya hapo.

Mwenye pumu asifanye kazi hiyo, wala mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Yuko na mwingine ambaye hatajwi mara nyingi: aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, lakini akabakiwa na mashimo mapafuni. Ukungu wa aina ya Aspergillus unaweza kuota ndani ya mashimo hayo. Mtu hukohoa miezi mingi, pengine na damu, na makohozi yake yakipimwa hayaonyeshi kifua kikuu. Huyo arudi hospitali na aeleze historia yake yote, asirudie dawa za zamani kwa kubahatisha.

Nimeuliza hapo juu tupime nini. Jibu langu ni mahindi. Ukungu wa ukutani unaonekana, ila ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, haionekani wala hainusiki, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125. Wachunguzi waliona kwamba waliougua walikuwa na kawaida ya kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala badala ya ghalani. Mwaka 2016 hapa Tanzania, Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na kufa 20. Fedha ya maabara ikipatikana kwenye halmashauri au kwenye chama cha ushirika, ipelekwe huko, ghala kwa ghala.

Nyumbani kipimo kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi kiasi cha theluthi, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isipoganda, yanaweza kuhifadhiwa, yakae juu ya mbao bila kugusa ukuta. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Zisipelekwe kwenye pombe, wala kwa kuku, wala kwa ng'ombe wa maziwa, kwani ng'ombe akilishwa mahindi hayo au pumba zake, sumu hupita mpaka kwenye maziwa anayonyweshwa mtoto.